Vijana Wenye Utofauti wa Ubongo: Majina Wanayopewa na Jinsi Wanavyojitambua

Kijana wa Mwanda anapotimiza miaka 18, njia ya kwenda kwa chifu huwa anaijua. Hubeba cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, huchukuliwa alama za vidole, kisha hungoja kadi yake. Kadi hiyo itataja jina, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Haitasema yeye ni mtu wa namna gani, anaweza nini, wala anataka kuwa nani. Hayo ndiyo wanasaikolojia huyaita utambulisho, nayo hujengwa kidogo kidogo kuanzia balehe hadi katikati ya miaka ya ishirini, bila ofisi wala tarehe ya kuyachukua.

Kwa vijana wengi kazi hiyo ina misukosuko yake ya kawaida. Kuna wengine, hata hivyo, ambao ubongo wao hufanya kazi kwa namna tofauti na ya walio wengi, na kwao kujitambua huwa kugumu zaidi. Mara nyingi ugumu hautokani na tofauti yenyewe peke yake. Unatokana na kwamba kijana, wazazi na walimu hawajui kuwa tofauti hiyo ipo, wala kuwa ina jina.

Utofauti wa ubongo ni nini?

Chini ya jina hili wataalamu huweka hali kadhaa ambazo mtu huzaliwa nazo au huanza kuonekana mapema utotoni. Usonji huathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyohitaji mambo yaende kwa utaratibu uleule. ADHD ni hali ya kushindwa kutulia au kukaza fikira kwenye jambo lisilomvutia mtu, hata akijitahidi vipi. Disleksia ni ugumu wa kusoma na kuandika kwa mtu mwenye akili timamu kabisa, na diskalkulia ni ugumu wa namna hiyo katika hesabu. Wapo pia wenye hali ya Tourette, ambao hutikisika au kutoa sauti bila kukusudia.

Hali hizi haziambukizi. Si sawa pia na ulemavu wa akili, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Wazo la kuziangalia hali hizi kama sehemu ya utofauti wa kawaida wa wanadamu halina miaka mingi. Lilienea kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, na huhusishwa sana na mwanasosholojia wa Australia, Judy Singer, aliyeliandikia tasnifu mwaka 1998. Yeye na wenzake hawakudai kwamba hakuna ulemavu wowote. Walisema kwamba sehemu kubwa ya taabu hutokana na shule, kazi na mazoea yaliyopangwa kwa ajili ya ubongo wa aina moja tu.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 100 ulimwenguni alikuwa na usonji. Kaunti ya Taita Taveta ilihesabiwa kuwa na watu 340,671 mwaka 2019. Hata kama kadirio hilo lingekuwa mara mbili ya hali ilivyo hapa, bado ni watu zaidi ya 1,700 kutoka Taveta hadi Voi, na hapo wenye ADHD na disleksia hawajatajwa. Sensa ya 2019 haikuwatafuta kwa majina hayo. Iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kukaza fikira, kujihudumia na kuwasiliana. Kijana wa kidato cha tatu anayetembea, anayesikia na anayejihudumia, lakini ambaye hawezi kumaliza ukurasa mmoja wa kitabu, huenda nyumbani kwao walijibu kwamba hana tatizo lolote.

Jinsi mtu anavyojitambua

Mtu aliyelipa suala la utambulisho nafasi kubwa katika saikolojia ni Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902. Maisha yake mwenyewe yanaeleza kwa nini. Hakumjua baba yake mzazi, alilelewa na baba wa kambo Myahudi, na alipokuwa mvulana wenzake wa sinagogi walimcheka kwa urefu na nywele zake za rangi ya dhahabu, huku wale wa shuleni wakimcheka kwa kuwa Myahudi. Alipohamia Marekani akachukua jina jipya la ukoo. Erikson alifundisha kwamba kazi kubwa ya ujana ni kujibu swali la "mimi ni nani?", na kwamba jibu hilo kijana halitungi peke yake chumbani. Hulikusanya kutoka kwa wanaomzunguka: jinsi wanavyomwita, kazi wanazompa, na iwapo wanamsikiliza anapozungumza.

Mwaka 1966, James Marcia aliliendeleza wazo hilo kwa kuuliza maswali mawili: je, kijana amejaribu njia mbalimbali? Na je, ameshika mojawapo kwa dhati? Wapo ambao hawajajaribu wala hawajashika lolote. Wapo walio katikati ya kujaribu. Wapo waliojaribu kisha wakachagua. Na wapo walioshika njia bila kujaribu, kwa sababu mtu mwingine aliwachagulia.

Kundi hilo la mwisho ndilo linalowahusu sana vijana wa makala haya. Mtoto ambaye tangu darasa la pili ameambiwa kwamba kichwa chake ni kizito hafiki miaka 16 akiwa bado anajiuliza yeye ni nani. Jibu alishapewa. Akiambiwa kwamba mtu kama yeye mwisho wake ni kubeba mizigo sokoni, anaweza kulikubali hilo kama anavyokubali rangi ya macho yake. Kubeba mizigo ni kazi halali na imelea watu wengi. Ubaya ni kwamba hakupata nafasi ya kuchagua.

Majina yaliyoko tayari

Katika milima ya Taita, kama kwingine Pwani, majina ya kumpa kijana wa namna hii hayakosekani: mtundu, mzembe, zuzu, hana adabu, ana mambo yake. Na pale tabia zinapozidi kueleweka, hufuata majina mazito zaidi ya kurogwa na kulaaniwa.

Jirani zetu wa Kilifi na Mombasa wamechunguzwa katika jambo hili. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Joseph Gona, akiwemo Profesa Amina Abubakar, walichapisha matokeo ya mazungumzo na wazazi na wataalamu wa kaunti hizo mbili kuhusu chanzo cha usonji. Waliohojiwa walitaja pepo, uchawi na laana, na papo hapo wakataja matatizo wakati wa kujifungua, maambukizi na lishe duni. Matibabu nayo yalichanganywa hivyo hivyo: maombi, waganga, hospitali. Asiyejua angedhani watu waligawanyika kambi mbili, ya mila na ya sayansi. Kumbe mtu mmoja anaweza kushika maelezo yote mawili, akaenda zahanati Jumatatu na kwa mganga Ijumaa.

Taita ina historia yake katika hili. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti hapa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza jinsi wazee walivyoona hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu kuwa chanzo cha mikosi katika familia, na jinsi kutasa kulivyokusudiwa kuitoa hasira hiyo ili watu wapatane. Mengi katika desturi hiyo yalikuwa mema, kwani ililazimisha jamaa waliokosana waketi pamoja. Lakini mtu akiitazama kwa jicho la kijana mwenye utofauti, kuna shida. Ikiwa hali yake inaelezwa kuwa imetokana na kinyongo cha babu au shangazi, basi yeye anabaki kuwa ushahidi wa ugomvi unaotembea. Wenzake wanajenga utambulisho wao kwa yale wanayoyapenda na kuyaweza, naye anajenga wake juu ya kosa ambalo hakulitenda.

Kuna pia majina mazuri yanayoficha. Vitabu vingi vya nje husema kwamba dalili mojawapo ya usonji ni kutomtazama mtu machoni. Katika nyumba nyingi za hapa, mtoto asiyemkazia mzee macho anasifiwa kuwa ana heshima. Msichana anayenyamaza kanisani, asiyependa kucheza na wenzake na anayepanga vyombo kwa mpangilio uleule kila siku huitwa mpole na msafi, na shangazi zake humtolea mfano. Hakuna anayefikiri kwamba huenda kelele zinamwumiza. Ndiyo sababu mojawapo ya wasichana kuchelewa kutambuliwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Rachel Loomes na wenzake mwaka 2017 ulionyesha kwamba uwiano wa wavulana na wasichana wenye usonji uko karibu na 3 kwa 1, tofauti na 4 kwa 1 uliokuwa ukifundishwa, na kwamba wasichana huelekea kukosa kupimwa.

Kinyume chake, kijana wa kiume anayepita watu njiani bila salamu hahitaji mpelelezi. Mahali ambapo salamu ni wajibu, na ambapo mtu husalimiwa hadi hali ya mifugo yake iulizwe, kijana huyo huhukumiwa kabla hajafika dukani. Wachache wanajua kwamba wapo watu ambao kusikia salamu, kuipanga, kuijibu na kuuliza ya mwenzake ni kazi ya hatua nne, na kwamba mwenye kusalimu huwa ameshapita kabla hatua ya pili haijakamilika.

Kuvaa sura isiyo yake

Kijana anayepewa majina mabaya kwa muda mrefu hujifunza kujificha. Anaiga jinsi wenzake wanavyocheka. Anakariri maneno ya kuanzia mazungumzo. Anaizuia mikono isitikisike. Anakaa darasani lenye paa la mabati mvua ikinyesha, sauti ile ikimchoma kama misumari, naye anaandika kama wengine.

Mwaka 2017, Laura Hull na wenzake nchini Uingereza waliwauliza watu wazima 92 wenye usonji kuhusu kujificha huku. Walisema walifanya hivyo ili wakubalike, wapate kazi na marafiki. Walisema pia kwamba kunachosha kupita kiasi, na baadhi yao waliona kwamba wanajisaliti wenyewe, hata wasijue tena ni ipi sura yao na ni ipi ya kuazima.

Ndipo tatizo la utambulisho lilipo. Kujificha kunafanya kazi, na kwa hiyo kunaendelea. Mwalimu anaona mwanafunzi mtulivu. Mzazi anapata likizo mtoto anayerudi nyumbani, anayefunga mlango na kulala siku mbili, au anayelipuka kwa hasira kwa sababu ugali umepakuliwa kwenye sahani isiyo yake, na anashangaa kwa nini shuleni ni malaika. Ni mtu yuleyule, ila nguvu za kujizuia zimemwishia mahali anapojiona salama. Mzazi anayelijua hili hupunguza maswali saa ya kwanza baada ya mtoto kufika.

Wasiwasi mkubwa na huzuni ya muda mrefu huonekana zaidi kwa vijana wenye utofauti wa ubongo kuliko kwa wenzao. Anayesema kwamba amechoka kuishi asichukuliwe kuwa anadeka. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lugha tatu, msomaji mmoja

Disleksia inastahili maelezo yake katika kaunti hii, kwa sababu mtoto wa Mwanda husoma akiwa na lugha tatu kichwani. Nyumbani ni Kidawida, darasani na barabarani ni Kiswahili, na vitabu na mitihani mingi ni Kiingereza.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto mwenye disleksia anaweza kukisoma bila makosa mengi, lakini taratibu mno, silabi kwa silabi, hadi akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umemtoka. Kiingereza hakina uaminifu huo. Herufi zilezile hutamkwa kwa namna nyingi, na mtoto yuleyule hapo huanza kubahatisha. Mwalimu akiona anasoma Kiswahili na kushindwa Kiingereza, husema hapendi Kiingereza. Mwalimu mwingine akimsikia akijieleza vizuri kwa Kidawida, kisha akaona daftari lake, husema ni mvivu wa kuandika. Wote wawili wameona jambo la kweli na kulipa jina lisilo lake.

Kisha huja kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na marufuku yenyewe ni ya tangu 2001. Hata hivyo inafaa kusemwa wazi kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuchapwa disleksia ikamtoka. Mwenye ADHD aliyetumwa maji akarudi na habari ya kinyonga alichokiona njiani, bila ndoo, hajadharau aliyemtuma. Huyo huyo anaweza kuketi saa nne akifungua redio mbovu bila kuinua kichwa. Watu husema, "Mbona kwa redio anaweza?" Ndivyo hali hiyo ilivyo: ubongo wake hushika kinachouvutia na huteleza kwenye kisichouvutia, hata pale anapotaka kwa moyo wote usiteleze.

Kumwambia au kumficha

Wazazi waliokwisha kupata majibu kutoka kwa wataalamu huuliza swali moja zaidi ya mengine yote: je, kijana aambiwe? Wengi huogopa kwamba akijua atakata tamaa, au atatumia hali yake kama kisingizio.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na Tomisin Oredipe, Bella Kofner na wenzao uliwauliza wanafunzi 78 wa vyuo vikuu wenye usonji walijua lini hali yao. Waliojua wakiwa wadogo walielekea kuripoti maisha bora na ustawi zaidi utu uzimani. Waliojua wakiwa wakubwa, kwa upande wao, walikuwa na hisia nzuri zaidi siku walipoambiwa, huenda kwa sababu hatimaye walipata maelezo ya miaka mingi ya taabu. Idadi hiyo ni ndogo na wote walikuwa wa chuo kikuu, kwa hiyo matokeo hayatoshi kuwa kanuni. Lakini hayaungi mkono hofu kwamba kumwambia mtoto mapema kunamharibu.

Kumwambia si kikao kimoja kizito sebuleni wazee wakiwa wamepangwa. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuambiwa kwamba masikio yake yanasikia sauti kubwa kuliko ya wengine, ndiyo maana anatoka nje spika za harusi zinapowashwa. Miaka 12, anaweza kupewa jina la hali hiyo. Miaka 16, anapaswa kusoma ripoti yake mwenyewe na kuuliza maswali mbele ya mtaalamu, mzazi akiwa amenyamaza.

Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaambia wazazi jambo gumu mwaka 1993. Alisema huzuni yao ni ya mtoto waliyemtazamia na hawakumpata, na kwamba huzuni hiyo wasimtwishe mtoto aliye hai mbele yao. Wapo wazazi waliokasirishwa na maneno hayo, na si ajabu, kwani mzazi anayemlisha kijana wa miaka 20 kwa mkono wake hahitaji kufundishwa upendo. Lakini kijana husikia. Anaposikia kila siku wageni wakimpa mama yake pole, anajifunza kwamba yeye ni msiba.

Upande wa pili una hatari yake pia. Siku hizi kuna mtindo wa kusema kwamba kila mwenye usonji ana kipaji kikubwa kilichofichika. Mfano unaotajwa sana ni Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, akachelewa kuzungumza hadi karibu miaka 4, na baadaye akawa profesa anayejulikana duniani kwa kubuni njia za kuwapitisha ng'ombe bila kuwatia hofu. Wenye ranchi za kaunti hii wangefaidika kuzisoma kazi zake. Lakini Grandin ni mmoja. Kijana wa Mwanda anayemudu kukata nyasi, kukamua na kupeleka maziwa kwa wakati uleule kila asubuhi hahitaji kuwa profesa ili aheshimiwe.

Kuna vijana pia ambao, wakishajua jina la hali yao, hulikataa. Hawataki kadi, hawataki mwalimu aambiwe, hawataki neno ulemavu litamkwe. Mzazi asilazimishe. Kujaribu jina, kulivua na kulirudia ni sehemu ya kazi ileile ya kujitambua. Taarifa za afya ni siri ya mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu miongoni mwa taarifa nyeti. Kuiweka ripoti ya mtoto kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la kanisa ili aombewe, hata kwa nia njema, ni kumnyang'anya uamuzi wa kusema au kunyamaza.

Njia zilizopo kwa mkazi wa Mwanda

Wakati umekuwa muhimu zaidi tangu Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya lilipoingia Gredi ya 10. Mwanafunzi sasa huelekezwa katika mojawapo ya njia tatu akiwa na miaka 15 hivi: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Anayeingia hapo akiamini kwamba ni mjinga atachagua kwa kuogopa. Mtaala huo una njia nyingine kwa wanafunzi ambao hali zao haziwaruhusu kufuata masomo ya kawaida. Humo mwanafunzi husonga mbele kwa uwezo wake, hata kama umri wake umewapita wenzake, hadi mafunzo ya ufundi.

Hatua ya kwanza ni upimaji wa kielimu katika vituo vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza nchini mwaka 1984. Mzazi aanze kwa mwalimu mkuu wa shule, au afike ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mjini Wundanyi aelekezwe. Aende na madaftari ya mtoto ya miaka miwili au mitatu, kwani daftari humweleza mpimaji mengi ambayo mzazi atayasahau. Ripoti ya EARC ndiyo shule huitumia kuliomba Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, mipango maalumu ya mtihani kama vile muda wa ziada. Maombi hufanywa wakati wa usajili, kwa hiyo ripoti inayotafutwa wiki ya mtihani imechelewa.

Kwa upande wa afya, kijana huanzia zahanati iliyo karibu, ambako anaweza kupewa barua ya kwenda Hospitali ya Wesu au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi. Usonji na ADHD haviponywi kwa dawa. Wapo wenye ADHD wanaosaidiwa na dawa kukaza fikira, kwa maagizo ya daktari tu.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, husajili watu baada ya tathmini ya daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Wengi hudhani kadi ni ya wasioona na wasiotembea pekee. Kifungu cha 260 cha Katiba kinasema vingine: ulemavu unajumuisha pia hali za akili na za kisaikolojia zenye athari kubwa au za muda mrefu katika shughuli za kila siku, na hata zile ambazo jamii inaziona kuwa na athari hiyo. Aliyesajiliwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa mapato hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Kifungu cha 54 nacho kinampa haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Haki hii ya mwisho haihitaji kadi, nayo inavunjwa kila siku vituoni na sokoni.

Ni vyema pia kujua nani anasimamia nini, ili mtu asizunguke bure. Shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Kijana wa miaka 19 aliyeacha shule na anayetaka kujifunza useremala au ushonaji aende chuo cha ufundi kilicho karibu naye, na ana haki ya kumwambia msimamizi mapema kile kinachomsaidia: maelekezo yaliyoandikwa, kuonyeshwa kwa vitendo badala ya hotuba, kiti mbali na mashine yenye kelele.

Mtoto au mzazi anayehitaji mtu wa kuzungumza naye anaweza kupiga simu ya watoto, nambari 116, saa yoyote, bila malipo.